Fereti: mtoto wa kununua au mkubwa wa kituoni?

Kwa sisi tuliopo Uingereza na mfuko umetoboka, fereti mtoto (mfikirie nguchiro mwembamba mwenye harufu yake) bei yake inavutia kweli, ila bado chanjo, bado kumfunga uzazi, na jike asipopandwa wala kufungwa anabaki kwenye joto la kutaka dume miezi, damu inapungua anaweza hata kufa, sasa hiyo bili ya vet utalia mwenyewe. Halafu anang'ata balaa!

Mkubwa wa kituo cha kuokoa wanyama unatoa mchango tu, mara nyingi kashafungwa uzazi. Wangu nilimchukua ana miaka 3, choo anajua, shida soksi, juzi nimezikuta 7 nyuma ya sofa lol. Mi ningeanza na hao wa kituoni, tena wawili, mmoja anaboeka.