Paneli za Sola za Paa la Tela: Ipi Uanze Nayo, Ipi Uiache Dukani

Mwenye tela la kulala safarini anayeishi Dar es Salaam ana nafuu moja kubwa, nayo ni kwamba jiji liko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta na jua la saa sita mchana huwa juu sana mwaka mzima. Paneli iliyolazwa bapa juu ya paa hupoteza umeme kidogo tu ikilinganishwa na iliyoinamishwa, kwa hiyo vyuma vya kuinua na kushusha paneli, ambavyo wauzaji hupenda kuvisifu, ni gharama inayoweza kuepukwa.

Kabla ya kwenda dukani, ni lazima kufanya hesabu ya matumizi. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa, katika joto la pwani, inaweza kutumia wati-saa 500 kwa siku. Feni ya wati 30 inayozunguka kwa saa 8 za usiku hutumia 240. Taa na simu tuzikadirie 100. Jumla ni 840. Paneli za wati 300 zikipata jua kamili kwa muda wa saa 5 hivi, na ukiondoa kiasi cha theluthi moja kinachopotea kwa joto, vumbi na waya, hukupa takriban wati-saa 1,000, kiasi kinachotosha kwa siku ya kawaida ingawa hakitatosha katika siku za mawingu ya masika, kati ya Machi na Mei. Birika la umeme la wati 2,000 lisiingizwe kabisa katika hesabu hii. Mtungi mdogo wa gesi utachemsha chai bila kumaliza betri.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kusita, paneli ngumu ya kioo ya aina ya mono (seli zake, yaani vipande vinavyogeuza jua kuwa umeme, hukatwa kutoka fuwele moja), yenye wati 100 hadi 200 na iliyotengenezwa kwa ajili ya betri ya volti 12. Ile ya wati 100 huwa na uzito wa kilo 6 hadi 8, na udogo wake huiwezesha kukaa kati ya tundu la hewa na ukingo wa paa, mahali ambapo paneli kubwa haiingii. Fremu yake ya alumini hufungwa juu ya vipande vya chuma vinavyoiacha ikiwa sentimita 3 au zaidi juu ya paa, na nafasi hiyo ya hewa ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Wati zilizoandikwa kwenye lebo hupimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza umeme kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Seli zikifika nyuzi 60, jambo la kawaida chini ya jua letu la Januari, zaidi ya asilimia 10 huwa imekwisha potea. Paneli za poli, ambazo seli zake ni za fuwele nyingi, hufanya kazi ileile lakini huhitaji eneo kubwa zaidi kwa wati zilezile, na paa la tela halina eneo la kugawa.

Nafasi ya pili ni ya paneli za kukunjwa, zinazotandazwa chini juani huku tela likiwa limeegeshwa kivulini. Mtu anayependa kulala chini ya mwembe atazithamini, kwa sababu hata kivuli cha tawi moja hushusha sana umeme wa paneli iliyo juu ya paa. Kasoro zake ni mbili: hazichaji tela likiwa barabarani, na hazifai kuachwa nje bila mtu wa kuziangalia.

Ya tatu ni paneli kubwa ya nyumbani, ya wati 450 hadi 550. Kwa bei ya kila wati hakuna inayoishinda, na ndiyo maana imejaa madukani. Hata hivyo, ile ya wati 550 hukaribia urefu wa mita 2.3 na kilo 28, na kioo kipana namna hiyo juu ya njia ya vumbi yenye makorongo kinahitaji fremu imara kuliko zilizo nazo tela nyingi. Vilevile hutoa umeme wa takriban volti 42 na ampea 13, kwa hiyo ikiunganishwa na kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye betri) ya bei nafuu ya aina ya PWM, ambayo haigeuzi volti za ziada kuwa ampea, betri ya volti 12 itapokea takriban wati 180 tu. Anayeichagua hana budi kununua kontrola ya MPPT, ambayo hugeuza volti za ziada kuwa ampea, na iwe inayostahimili volti zake.

Ya mwisho ni paneli nyembamba inayopindika, ambayo hubandikwa kwa gundi. Ni nyepesi na inapendeza machoni, lakini ikibandikwa juu ya bati haina hewa chini yake, hupata joto kupita kiasi, na mtikisiko wa barabara hutia seli nyufa zisizoonekana. Ninaikubali tu pale ambapo paa ni la turubai au ni dhaifu kiasi cha kutobeba kioo.

Unaponunua Kariakoo, usiamini lebo peke yake. Jua kali huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama asilimia 20 ya hizo kuwa umeme, hivyo paneli ya wati 100 huwa na ukubwa wa karibu nusu ya mita ya mraba. Anayekuuzia ya ukubwa huo akidai ni ya wati 200 anakuuzia karatasi ya lebo. Omba itolewe nje juani ipimwe kwa mita: ya wati 100 iliyo ya volti 12 huonyesha takriban volti 22 ikiwa haijaunganishwa na chochote.

Kwa wati 300, kontrola ya MPPT ya ampea 30 inatosha, pamoja na betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, ambayo huhifadhi takriban wati-saa 1,280. Betri ya jeli ya ukubwa huo haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ikiwa unataka idumu. Weka fyuzi karibu na betri. Kwa sababu ya chumvi ya bahari, bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila tundu lililotobolewa paani lizibwe kwa gundi ya poliurethani, kwa kuwa silikoni ya kawaida ya bafuni huachia upesi. Baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi, panda juu ukakaze bolti zote upya.