Miezi nane na jiko ya kamado hapa Nakuru: huu moto haupepewi

Nimekaa na jiko ya kamado hapa Kiamunyi miezi nane sasa, ile ya seramiki yenye umbo la yai, upana inchi 18, na kabla sijasema kama ni nzuri ama mbaya kuna kitu kimoja ambacho ningekijua mapema ningeokoa mguu mzima wa mbuzi. Huu moto haupepewi. Sisi tumelelewa tukipepea, makaa ikikataa kushika unachukua kipande cha katoni ama kifuniko cha sufuria unapepea mpaka iwe nyekundu, ukitaka moto mkali unaongeza makaa. Kwa kamado makaa unajaza mara moja, halafu kazi yote inabaki ya hewa, kuna kidirisha chini na kingine juu kwa kifuniko, unafungua kidogo, unafunga kidogo, basi.

Siku ya kwanza nilikuwa na huo mguu wa kilo mbili, nilitaka uive polepole kwa digrii 120. Nikawasha makaa yote, nikaacha madirisha yote wazi, nikaingia ndani kusalimia wageni, kurudi themometa imefika 300. Nikafunga hewa nikijua itashuka haraka kama jiko zingine, wapi! Ule udongo ni mnene, ukishashika joto hauliachilii, saa moja na nusu baadaye bado ilikuwa juu ya 200. Wazee wangu walikuwa wamekuja kutoka Molo na njaa, nikaweka nyama hivyo hivyo, nje ikaungua na kwa mfupa bado damu. Iliniuma sana.

Tangu hiyo siku nilijifunza kuukamata moto ukipanda, usingoje upite ndio uanze kuurudisha. Sai naanza kwa kutoa majivu ya juzi, kwa sababu majivu ikiziba matundu ya chini moto unakufa katikati ya kazi hata kama makaa imejaa. Vipande vikubwa naweka chini, vidogo juu, chenga natupa. Nawasha mahali pamoja tu, hapo katikati, na tishu niliyochovya kwa mafuta ya kupikia. Mafuta ya taa usijaribu kabisa, udongo unanyonya ile harufu na nyama itakuja kukuambia. Dakika kumi kifuniko wazi, nafunika, na ikifika 90 hivi naanza kupunguza hewa, mpaka 110 kidirisha cha chini kimebaki upana wa kidole na cha juu ni ufa tu. Hapo sasa usiwe na haraka, ukigusa kitu ngoja dakika kumi na tano uone imefanya nini, na usiweke nyama kama moshi bado ni mweupe na mzito, utakula uchungu. Ngoja uwe mwembamba, karibu hauonekani. Kwangu inachukua kama nusu saa ama zaidi.

Makaa natumia ya mathenge kutoka Marigat. Ule mti uliletwa Baringo miaka ya 80 ukageuka kero kwa wafugaji, lakini makaa yake ni nzito na inadumu, na huko Mexico na Marekani ndugu zake ndio wanachomea nyama. Mama anayeniuzia aliniambia, "Kijana wangu, hii debe moja ni kama mbili za mkaratusi," na nimeona ni kweli. Shida yake inarusha cheche ikianza kushika, kwa hivyo watoto wakae mbali. Bega la nguruwe niliweka saa nne usiku na kama robo tatu ya debe, saa mbili asubuhi jiko bado iko 110 na makaa imebaki. Ukimaliza unafunga juu na chini, moto unakosa hewa unazima wenyewe, ile iliyobaki unawasha nayo siku ingine. Maji usimwage, udongo moto ukikutana na maji baridi unapasuka.

Kitu kingine cha hatari ni kufunua kwa haraka moto ukiwa mkali. Hewa inaingia yote mara moja na mwali unaruka nje, mimi uliniunguza nywele za mkono mpaka kiwiko. Inua kama inchi mbili, ngoja kidogo, ndio ufunue.

Sasa lawama zangu. Themometa iliyokuja nayo ilikuwa inadanganya. Niliitumbukiza kwa maji yanayochemka ikasoma 112, na hapa Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu, maji yetu yanachemka kwa 94 hivi wala si 100, ina maana ilikuwa imezidisha digrii 18. Niliandikia aliyeniuzia mara tatu, kimya. Mwishowe nilirekebisha mwenyewe kwa kuzungusha nati iliyo nyuma yake. Ule utepe wa kuziba mdomo wa kifuniko nao umeanza kuchakaa pale kwa bawaba, na uzito, tulikuwa wanaume wanne kuishusha kwa pikapu.

Bei ni ya ng'ombe wa maziwa, sifichi. Kama unatafuta ya chai na ugali wa kila siku, jiko yetu ndogo ya bati yenye udongo ndani inakutosha na inashika makaa haraka zaidi. Hii ni ya mtu anayependa nyama iliyoiva mpaka mfupa unatoka wenyewe na yuko tayari kuketi nayo. Wazee walirudi Pasaka, nikawafanyia mguu mwingine, saa tano kwa 120, na baba aliomba mfupa.

Naipa nyota nne. Ya tano imezuiwa na ile themometa na kimya cha muuzaji.