Basic Pitch: kutoka sauti iliyorekodiwa hadi MIDI

Faili ya MIDI haina sauti yoyote ndani yake. Ina maagizo tu ya noti ipi ipigwe, lini, kwa nguvu kiasi gani, na iachwe lini. Kuyageuza maagizo hayo kuwa muziki ni kazi nyepesi, lakini kuchukua muziki uliokwisha kurekodiwa na kuyapata maagizo hayo tena ni shughuli nzito, hasa noti kadhaa zinapolia kwa pamoja. Basic Pitch, programu iliyotolewa na Spotify mwaka 2022, inaifanya shughuli hiyo bila malipo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuchunguza.

Matumizi yake hayana maelezo mengi: unaifungua katika kivinjari, unaweka faili ya MP3 au WAV, kisha unapakua MIDI. Modeli yake, yaani mfumo uliofunzwa kutambua noti, ni ndogo mno, ina vigezo (namba zinazoiongoza) chini ya 17,000, ndiyo sababu hesabu zote hufanyika kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Sifa inayonifanya niipendekeze ni jinsi inavyoshughulikia sauti inayoteleza. Noti 128 za MIDI zimepangwa kwa nusu toni, na programu nyingi za aina hii huilazimisha kila sauti ikae juu ya kibonyezo kimoja cha kinanda. Basic Pitch hunakili pia mpindo wa sauti, yaani kupanda au kushuka kidogo kutoka kwenye noti, kwa hiyo mwimbaji anayepanda taratibu kuelekea noti yake, au mpiga udi wa taarabu anayegusa sauti iliyo kati ya vibonyezo viwili, hapotezi ladha yake yote. Hata hivyo, mpindo katika MIDI huathiri chaneli nzima, yaani noti zote zilizo kwenye njia moja, hivyo noti zinapopandana faida hiyo hupungua. Udi unaopiga noti mojamoja ndio unaonufaika zaidi.

Waundaji wenyewe wanaeleza kwamba hufanya kazi vizuri zaidi kwa ala moja kwa wakati mmoja, na ushauri huo ufuatwe. Ukiipa wimbo wa bendi nzima, kila kitu kitamwagwa kwenye mstari mmoja, gitaa na mwimbaji wakiwa wamechanganyika. Hata ala moja ina mitego yake: uzi mnene wa gitaa, ambao ni noti ya 40 kati ya zile 128 za MIDI, hutoa pia mwangwi wa oktavi ya juu, na noti ya 52 ambayo hakuna aliyeipiga inaweza kujitokeza. Kabla ya kuanza kufuta kwa mkono, pandisha kiwango cha uhakika (jinsi programu inavyopaswa kuwa na hakika kabla ya kuandika noti) na urefu mdogo kabisa wa noti. Vipimo hivyo viwili huondoa takataka nyingi.

Kasoro inayokera zaidi ni mapigo. Programu haitambui kasi ya wimbo. Faili hutoka ikiwa imeandikiwa mapigo 120 kwa dakika hata kama wimbo ni wa polepole, kwa hiyo mistari ya vipimo haitalingana na muziki mpaka uweke kasi sahihi mwenyewe. Anayetaka kuchapa noti za kwaya arekodi kila sauti peke yake, huku akisikiliza metronomu.

Programu mbadala, Melodyne ya Celemony, kampuni ya Ujerumani, hukuruhusu kusahihisha kila noti huku ukiisikiliza kabla ya kutoa MIDI, lakini ni ya kulipia, na matoleo yake ya bei ya chini hayatenganishi noti zinazolia pamoja.