Kukodi muziki kwa usiku wa B.B. King, Mikindani: uzoefu wangu

Mwenye shughuli ya gitaa Mtwara mjini au Mikindani, vijana wa vyombo vya kukodi wa Magomeni nawapendekeza kwa moyo wote. Sisi ni wapenzi wachache wa muziki wa blues, tunakutana kila ifikapo tarehe 14 Mei, siku aliyofariki B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues wa Marekani, mwaka 2015 huko Las Vegas, akiwa na miaka 89. Zamani tulisikilizia kwenye kispika cha bluetooth. Safari hii tulichanga tukakodi muziki kamili: spika mbili kubwa, miksa, maiki mbili na fundi wake. Shilingi 100,000 usiku mzima, usafiri juu yao.

Hofu yangu ilikuwa besi. Vyombo vya huku vimezoea singeli, mabati yanatetemeka, na King kwa besi ile humsikii. Utamu wake uko kwenye noti moja tu: kidole cha mkono wa kushoto kinautikisa uzi, noti inalia kama mtu. Tena hapigi huku anaimba. Anaimba mstari, ananyamaza, Lucille, gitaa lake, linaitikia. Usipousikia ule ukimya wa katikati, umekosa nusu ya wimbo.

Nikamweleza fundi. Hakubisha. "Kaka, nipe wimbo unaoujua vizuri nipimie." Akashusha besi, kisha akaenda kusimama nyuma kabisa, kwenye viti vya wazee, asikie wanachosikia wao. Akarudi kwenye miksa, akagusa kidogo, akaenda tena. Hapo alinikuna kwelikweli.

Baadaye mwenzetu akapiga solo la moja kwa moja. Gitaa lake lina matundu tumboni, sauti ya spika ikawa inaingia humo na kurudi tena, spika ikaanza kupiga yowe. King mwenyewe alisumbuliwa na jambo hilo, ndiyo maana gitaa la Gibson lililotoka kwa jina la Lucille mwaka 1980 halina matundu. Fundi alimhamishia mpigaji nyuma ya spika, yowe likakoma.

Mzee mmoja aliyekulia kwenye dansi la Mbaraka Mwinshehe aliuliza kama huyu ndiye aliyepiga Kinshasa mwaka 1974, kipindi cha pambano la ngumi la Ali na Foreman. Nikamwambia ndiye. "Basi irudie hiyo, mwanangu." Tukairudia, na hakuna aliyelalamika.

Kasoro zipo. Walichelewa kufika, jua lilikuwa limeshazama, na waya wao wa umeme ni mfupi, ikabidi tuazime kwa jirani. Nyimbo pia beba zako zenye ubora mzuri. Zile zilizobanwa ili zijae kwenye flashi zinakwaruza vibaya kwenye spika kubwa, na hilo fundi hawezi kukurekebishia.

Mwakani tunawachukua haohao. Tumeshamwomba fundi aje na maiki za drams.