Maua ya matunguu: lipi ununue kwanza, lipi uliache dukani

Kila mwaka mvua za Machi zikikaribia watu wa mtaani kwetu wananiuliza swali lilelile, ninunue tunguu gani la maua, na mimi nawauliza kwanza, unataka lichanue mara moja uone picha upige simu kwa dada yako au unataka lirudi? Maana pesa inapotelea hapo. Pakiti ya dukani imeandikwa panda baridi kali ikiisha, utapata maua majira ya joto. Majira gani ya joto jamani, Kampala hii? Sisi tuna mvua za Machi mpaka Mei, tuna za Septemba mpaka Novemba hivi, katikati jua, basi. Mchana ni saa 12 mwaka mzima na usiku ukiwa wa baridi ya kujifunika shuka mbili bado ni nyuzi 16 au 17. Tunguu linalosubiri baridi ya friji ndio liamke, litasubiri mpaka lioze.

Kwa hiyo hapa chini nimeyapanga kwa kipimo kimoja tu, lipi litachanua tena msimu wa pili na wa tatu bila mimi kulibembeleza. Bei inakuja baadaye, uzuri baadaye zaidi. Na nikisema matunguu nachanganya yote, yale ya kweli kama kitunguu, yale ya viazi viazi, na yale ya shina nene la chini kama tangawizi. Wataalamu wana jina la kila moja ila nyabo, yaani mama, wa nasari ya mimea ya barabarani ana moja tu, "bulbu", na anauza.

Namba moja ni kana, na najua kuna watu watacheka, ati kana si ni ile ya kwa mtaro wa maji machafu? Ndiyo, ile ile, na hiyo ndiyo sifa yake. Haiogopi maji kusimama, haiogopi jua la Januari, inachanua karibu mwaka mzima, na kipande kimoja chenye macho ya kuchipua mawili matatu kikikaa ardhini mwaka mmoja unapata kichaka cha kugawia majirani watano. Zile ndefu zinafika mita moja na nusu hata mbili, hizo weka kwenye ukuta au karibu na tanki. Zile fupi ambazo hazivuki mita moja ndio za poti. Fukia kina cha sentimita 8 hadi 10, achanisha nusu mita, alafu kila mwaka wa pili au wa tatu chimbua ugawe, ukiacha zinabanana katikati panakuwa kipara na maua yanakimbilia pembeni.

Usinunue kana bila kuangalia majani. Yakiwa na michirizi ya njano inayofuata mishipa, kama mtu kapitisha kitana chenye rangi, hicho ni kirusi, hakina dawa, na ukikipeleka kwako kitahamia kwenye zile nzima. Majani yaliyojikunja kama chapati ya rolex, ile ya kuviringishia mayai, ni kiwavi tu, huyo unafungua jani unamtoa kwa mkono, hana neno. Na kuhusu rangi usiamini mdomo wa mtu. Mimi nilimuuliza nyabo mmoja njia ya Entebbe, hii itatoa rangi gani, akanijibu bila hata kugeuka, "Nyekundu sebo, nyekundu ya damu." Nikapanda safu nzima ukutani. Zikaja njano, zote. Nilivyorudi kumwambia akacheka akasema kwani njano ina ubaya gani, na kwa kweli haina, ila sasa nanunua iliyochanua tayari au naomba kwa jirani ambaye maua yake nayaona kwa macho. Kuomba kwa jirani ndio bei nzuri kuliko zote.

Namba mbili, amarilisi. Hili ni tunguu la kweli, na ndilo ningekwambia uanze nalo kama una veranda tu na huna kiwanja. Asili yake Amerika ya Kusini, limeshazoea kwetu zamani sana, lile la rangi ya chungwa nyekundu utalikuta kwenye nyumba za wazee bila mtu kukumbuka nani alilipanda. Haya mapya ya maua makubwa yenye mistari myeupe ndio ya kununua, na hapa ukubwa ndio kila kitu. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia tunguu kiunoni. Likifika sentimita 24 au 26 tegemea mabua mawili, kila bua maua manne hivi. Likiwa chini ya 20 unanunua majani, maua utayaona mwaka kesho kama una subira. Watu wanauza makubwa na madogo bei moja, we ingiza mkono kwenye boksi uchague, usiogope macho ya muuzaji.

Poti yake iwe ndogo, inayolizidi tunguu vidole viwili tu kila upande, na shingo na mabega yabaki nje ya udongo. Wengi wanalizika lote kama wanapanda muhogo, linaoza. Mwagilia kidogo mpaka lichipue, kwenye wiki ya 6 au 8 linakuwa limefungua. Likimaliza usilitupe! Kata bua, acha majani yapigwe jua miezi kadhaa, alafu linyime maji kabisa wiki 8 mpaka 10, weka poti chini ya paa mvua isilifikie, majani yakauke. Ukilirudishia maji linadhani mvua zimefika, linatoa bua. Langu moja nimelifanyia hivyo mara nne na kila mara limenijibu. Onyo la kweli lakini, tunguu hili ni sumu, linafanana na kitunguu cha jikoni, usiliweke kikapu kimoja na vitunguu vya mchuzi hata kwa nusu saa.

Namba tatu gladiolasi, ambayo ingekuwa ya pili kama isingekuwa na kazi. Hii wengi mnaijua kwenye mashada ya kanisani na meza za kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), upanga mrefu wenye maua yanayofunguka kuanzia chini kwenda juu. Uzuri wake ni hesabu. Toka kupanda mpaka ua ni siku 70 hadi 100, joto likiwa la kwetu mara nyingi inaelekea upande wa chache, kwa hiyo ukitaka ya Krismasi panda mwishoni mwa Septemba, na usipande zote siku moja, gawa mafungu matatu uachanishe siku kumi kumi, la sivyo utakuwa na maua 30 wiki moja alafu fimbo tupu miezi miwili. Kina sentimita 10 mpaka 15, ukifukia juu juu inalala upepo wa kwanza wa mvua, na hata ukifukia vizuri weka mti wa kuegemea.

Wakati wa kununua watu wanakimbilia lile pana, bapa kama mandazi iliyokaliwa, kumbe hilo ni zee. Chukua lililonenepa kwenda juu, lenye mgongo, hata kama upana wake ni mdogo. Pia muulize muuzaji lilichimbuliwa lini, kama ni wiki iliyopita halitaota sasa, lazima lilale pakavu miezi miwili au mitatu kwanza, na hapo ndipo wengi wanasema nimeuziwa lililokufa kumbe limelala tu. Adui ni thripsi, kadudu kembamba huwezi kukaona vizuri, unaona majani yana michirizi ya fedha na vichwa vinakauka kabla ya kufunguka. Msimu wangu wa pili nilipoteza karibu zote kwa hako kadudu kwa sababu nilirudisha matunguu machafu kwenye shimo lilelile. Sasa nayamenya ganda la nje na nayahamisha sehemu.

Tuberosi naipa ya nne na ni kwa ajili ya pua tu. Jioni saa moja ukiwa umekaa nje unadhani mtu kafungua chupa ya marashi. Nunua ile ya ua la safu moja, ya maua ya kujazana inapendeza kwenye picha ila inanukia kidogo. Jambo ambalo muuzaji hasemi ni kwamba tunguu likishachanua halichanui tena, watoto wake pembeni ndio watachanua, kwa hiyo nunua fungu lenye watoto wengi, usinunue moja moja. Subira miezi mitatu mpaka mitano.

Agapanthasi, ya bluu au nyeupe, inatoka Afrika Kusini, haina makuu. Inapenda kubanana kwenye poti, ukiihamishia poti kubwa inakasirika inatoa majani tu. Ya tano.

Dalia inategemea unakaa wapi. Mtu wa Kabale karibu mita 2,000 juu, au Fort Portal, aiweke namba mbili na asinisikilize mimi, huko inatoa maua ukubwa wa sahani. Huku Kampala inachanua ndiyo, lakini jua la Januari linaichosha. Ukinunua viazi vyake hakikisha kila kiazi kimeshikana na kipande cha shina la zamani chenye jicho, maana kiazi cha dalia peke yake hakina jicho kama kiazi mbatata, ukikipanda kitakaa ardhini kinono kabisa na hakitaota milele.

Zile lili kubwa za kwenye pakiti, za rangi ya waridi zenye madoa, hizo ni za mara moja. Zimekaa kwenye baridi wiki nyingi kabla hazijafika dukani ndio maana zinachanua, na ukisubiri mwaka wa pili huku tambarare utapata majani mafupi au hakuna kitu. Kama ni zawadi sawa, nunua. Kama una paka usinunue kabisa, zinaua figo za paka hata kwa chavua aliyojilamba manyoyani.

Na tulipu, ya mwisho, sitaki hata kuipa namba. Inahitaji wiki 12 mpaka 16 za baridi ya friji. Shemeji yangu aliniletea kumi kutoka Uholanzi, nikaziweka friji chini pamoja na maembe, kumbe gesi ya matunda yanayoiva inaua ua likiwa bado ndani ya tunguu. Zikatoa majani mawili mawili, basi. Alafu nikaja kujua hata kuzileta kwenye begi ni kosa, lazima kibali cha Wizara ya Kilimo na cheti cha afya ya mimea.

Nyinyoro, lile dude jekundu la duara linalotokea ghafla mvua zikianza, na gloriosa inayopanda uzio kwa ncha za majani, hizo za kwetu za porini. Usinunue, omba kijijini. Ila gloriosa uifundishe watoto mapema, mizizi yake inafanana na kiazi kikuu chembamba na inaua mtu.

Sasa ukiwa pale kitaluni, bonyeza. Bonyeza kama unavyobonyeza kitunguu sokoni Nakawa, hasa kitako. Kikibonyea rudisha. Nusa, harufu ya chachu rudisha. Ukungu wa bluu kidogo juu ya ganda si hoja, unafuta. Usikubali yaliyofungwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, bila tundu, yanatoka jasho yanaoza kati ya nasari na kwako boda ikiwa kwenye foleni.

Poti za duka ni ghali bure. Mimi natumia ndoo za rangi, msumari napasha kwenye sigiri natoboa matundu sita chini na mengine manne pembeni karibu na kitako, maana la chini likizibwa na sakafu lile la pembeni linaokoa. Udongo mweusi mafungu mawili, mchanga wa ziwani fungu moja, maganda ya kahawa yaliyooza fungu moja. Maganda mabichi usiweke, yanachemka. Kana peke yake haijali uwiano huu, hata udongo mwekundu mtupu inakula, na zile za njano pale ukutani zimeshavuka dirisha, jirani wa juu kashaniomba vipande vitatu na nimemwambia kabisa, hizi ni njano.