Apu ya kutengeneza kitabu cha kanuni za kazi, nimeitumia hapa Minnesota, naipa nyota 3

Nina kampuni ndogo ya usafi hapa Brooklyn Park, tunasafisha ofisi na kliniki usiku, tuko watu 14 na zaidi ya nusu ni Waswahili wenzangu, Wakenya, Watanzania na mama zetu wa Kongo. Mteja mmoja mkubwa akaniambia hasaini mkataba mpaka aone kitabu cha kanuni za wafanyakazi, na mi nilikuwa na karatasi mbili tu nilizoandika mwenyewe mwaka naanza, basi nikaingia mtandaoni nikalipia hii huduma, dola 39 kwa mwezi, sitaitaja jina kwa sababu nataka muelewe tatizo lenyewe maana nahisi na hizo nyingine ziko hivohivo.

Uzuri wake nausema kwanza, ni rahisi sana. Inakuuliza maswali, una wafanyakazi wangapi, unalipa kila wiki au kila wiki mbili, uko jimbo gani, dakika 20 umemaliza na unapata PDF ya kurasa 34, imepangwa vizuri, sehemu ya usalama na kemikali iko sawa kabisa, sehemu ya unyanyasaji kazini imeandikwa kwa heshima na inaeleza mtu apeleke malalamiko kwa nani kama anayemsumbua ni bosi mwenyewe. Hiyo nisingeweza kuiandika mimi. Na ukiwauliza kitu kwenye chati wanajibu haraka.

Nikachapisha nakala 14, nikagawa Ijumaa, nikawaambia wasome warudishe sahihi Jumatatu.

Jumatatu jioni tunapakia ndoo na vakyumu kwenye gari, mama mmoja wa Bukavu akanifuata na kitabu chake kimekunjwa ukurasa wa 12, binti yake ndo alikuwa amemsomea nyumbani, akaniambia, "Dada, hapa wanasema nisimwambie mwenzangu mshahara wangu. Sasa mimi na mdogo wangu tunafanya wote hapa na tunakaa nyumba moja, tutafichana nini?" Nikasoma pale chini ya taa ya gari, kweli imeandikwa, mfanyakazi atakayezungumzia mshahara wake na wenzake atachukuliwa hatua mpaka kufukuzwa. Na mi nilishasaini ukurasa wa mbele kama mwenye kampuni. Nilisikia vibaya sana jamani, kwa sababu huyu mama aliniamini.

Nikatafuta wakili wa mambo ya kazi, saa mbili nikalipa dola 600, na hizo ndo pesa nilizotumia vizuri kuliko zote katika hii safari. Akaniambia hicho kifungu kinagongana na sheria ya nchi nzima ya tangu 1935 inayowalinda wafanyakazi wakizungumza wao kwa wao kuhusu malipo, na Minnesota yenyewe ina sheria yake tangu 2014, tena hiyo ya jimbo inasema mwajiri akiwa na kitabu cha kanuni LAZIMA aandike humo ndani kwamba mfanyakazi ana haki ya kutaja mshahara wake. Kwaiyo apu ilitakiwa kuweka haki, ikaweka marufuku. Halafu juu ya kila ukurasa imeandika "Minnesota" kwa herufi kubwa.

Likizo ya ugonjwa nayo ndo ilinitoa jasho. Kitabu kilisema unapata siku 3 kwa mwaka, baada ya kumaliza siku 90 kazini, na ukiumwa hata siku moja ulete barua ya daktari. Sheria ya hapa tangu tarehe 1 Januari 2024 ni kwamba kila saa 30 unazofanya unapata saa 1 ya likizo yenye malipo, mpaka saa 48 kwa mwaka, inaanza kuhesabiwa siku ya kwanza ya kazi na unaweza kuitumia kadiri inavyoingia, hakuna cha kusubiri siku 90. Na siyo ya wale wa kudumu tu, yule kijana wangu anayekuja Jumamosi tu naye anayo, maana sheria inamhesabu mtu yeyote anayetarajiwa kufanya angalau saa 80 kwa mwaka hapa jimboni. Barua ya daktari siku ya kwanza huruhusiwi kuidai. Na hiyo pia, ukiwa na kitabu, maelezo ya haki hizo lazima yawemo humo.

Kulikuwa na kifungu cha kumzuia mtu asiende kampuni nyingine ya usafi kwa mwaka mzima akiondoka kwangu, Minnesota walishafuta mambo hayo kwa mikataba ya kuanzia 1 Julai 2023, tumekikata. Mapumziko ya kula waliandika ni kwa anayefanya saa 8, wakati kuanzia Januari 2026 anayefanya saa 6 mfululizo anastahili dakika 30, na kila saa 4 dakika 15, na zamu zangu za usiku nyingi ni saa 6 na nusu kwaiyo inanigusa moja kwa moja.

Nikamuuliza wakili, si pale mwisho wameandika kwamba hiki kitabu siyo mkataba? Akasema usiitegemee hiyo sentensi. Mahakama ya Juu ya Minnesota ilishasema tangu 1983, kwenye kesi ya benki ya Pine River, kwamba maneno ya kitabu cha kanuni yanaweza kumfunga mwajiri kama mkataba, na 2021 kwenye kesi ya mji wa Plainview ikasema hata ukiwa na onyo la jumla kama hilo, ahadi yako ya kulipa siku za likizo ambazo hazijatumika inaweza kukubana. Ukiahidi, jiandae kutoa.

Kitu kimoja naisifu apu, Januari 2026 likizo mpya ya jimbo ya uzazi na matibabu ilipoanza walinitumia taarifa mapema na kiwango cha kawaida cha mchango wake, asilimia 0.88 ya mshahara kwa mwajiri na mfanyakazi pamoja, walikiandika sawasawa. Ila nilipowaonyesha makosa ya ukurasa wa 12 wakanirudishia pesa ya mwezi mmoja wakasema templeti zao "ni za jumla". Basi wasiuze kama za jimbo.

Na Kiswahili hakuna. Sheria ya 2019 inampa mfanyakazi mpya haki ya kuomba ile taarifa ya mshahara na masharti yake kwa lugha yake, mi nimeamua na kitabu chote nitakitafsiri, nimefika ukurasa wa 20.

Kama una watu wachache chukua hii apu upate mifupa, lipa mwezi mmoja tu, halafu hela uliyookoa mpe wakili wa jimbo lako asome kabla HUJAGAWA, siyo baadaye kama mimi.

Zile nakala 14 nilizikusanya zote. Mpya tulisoma kwa sauti pale ofisini kabla ya zamu, ilichukua jioni mbili, na tulipofika ukurasa wa 12 yule mama akaomba turudie mara ya pili, ndo akachukua kalamu.