Seti ya poka ya chipu 300: chipu nunua, kijikaratasi tupa

Sanduku la alumini, chipu 300 (visahani vya kuwekea dau) za rangi tano, paketi mbili za karata, kitufe cha mgawaji (kinachoonyesha zamu ya kugawa ni ya nani) na dadu tano. Seti ya namna hii, iwe na nembo gani, ndiyo inayoishia mikononi mwa wengi wanaotaka kujifunza poka ya Texas Hold'em, ambamo kila mchezaji ana karata zake mbili, tano za mezani ni za wote, na “mkono” wake ni tano bora kati ya hizo saba. Dadu hazina kazi kwenye mchezo huu, zimewekwa kujaza nafasi. Vilivyobaki vina kazi, ila kuna kimoja kinachoharibu mafunzo kabla hayajaanza: kijikaratasi cha kanuni kilichokunjwa chini ya kifuniko.

Tuanze na chipu. Kila moja ina kipenyo cha milimita 39 na uzito wa gramu 11.5, na uzito huo ndio muuzaji anaoupigia debe. Ukweli ni kwamba ndani ya plastiki kuna kisahani cha chuma kilichotiwa makusudi ili chipu iwe nzito mkononi. Chipu nyingi za kasino ni nyepesi kuliko hizi, kwa hiyo uzito usikufanye ulipe zaidi. Kinachofaa kukusumbua ni kwamba hazina namba. Anayeanza tayari ana ngazi za karata, zamu na kiwango cha dau vya kukariri. Ukimwongezea kwamba kijani ni 25 na bluu ni 10, ataweka dau kwa rangi, si kwa hesabu. Kama kuna seti yenye namba kwa bei inayokaribiana, chukua hiyo. Chipu za stika nazo zisilowekwe majini, stika itabanduka. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Mgawanyo wa kawaida ni nyeupe 100, kisha 50 kwa kila rangi: nyekundu, bluu, kijani na nyeusi. Zipe thamani ya 1, 5, 10, 25 na 100. Kwa wachezaji sita, mpe kila mmoja nyeupe 15, nyekundu 8, bluu 7 na kijani 3. Jumla ni 200, yaani mara mia ya dau kubwa la lazima (analoliweka mchezaji mmoja kabla ya karata kugawiwa, mwenzake akiweka dogo) likiwa 2. Hapo zimetumika chipu 198 na nyeusi hazijaguswa hata moja, ndiyo maana seti ya 500 kwa meza ya watu sita ni mzigo wa bure. Wakiwa wanane bado inawezekana, ila kwa kubanabana: nyeupe 10, nyekundu 6, bluu 6, kijani 4. Nyeupe zikiwa chache namna hiyo, kila mgao wa pili mtu anaomba chenji.

Sasa kijikaratasi. Ngazi za mikono kimezipanga sawasawa, ila kimezipanga tu, bila sababu, na anayekariri bila sababu husahau palepale panapochanganya: flashi na mfululizo. Flashi ni karata tano za aina moja, mfano zote kopa. Mfululizo ni tano zinazofuatana, aina yoyote. Ukichukua karata tano kutoka kwenye 52, flashi zinazowezekana ni 5,108 na mifululizo ni 10,200. Iliyo adimu ndiyo inayoshinda, basi. Tatu za namba moja pamoja na jozi zinapatikana kwa njia 3,744, kwa hiyo zinaipiku flashi. Ree inaweza kukaa juu ya mfalme au chini ya mbili, lakini haiwezi kuwa katikati: mfalme, ree, mbili si mfululizo.

Kosa la wazi kabisa ni pale kinaposema mikono ikilingana, shupaza inaishinda kopa, kopa inaishinda uru, uru inaishinda pau. Sivyo. Katika Hold'em aina haina cheo. Mikono ikilingana huangaliwa karata ya ziada, na hiyo nayo ikilingana, fungu la mezani, yaani dau zote zilizowekwa, linagawanywa. Weka mezani K (mfalme), 9, 6, 4, 2 za aina mchanganyiko. Mwenye K na Q (malkia) anamshinda mwenye K na 10, kwa sababu ya ile Q. Badilisha meza iwe K, 9, 9, A (ree), 4 na watu walewale: sasa wote wawili wana K mbili, 9 mbili na A ya mezani. Wanagawana, na Q haina thamani tena. Mfano huu mmoja unafundisha zaidi ya ukurasa mzima wa kijikaratasi.

Kwenye dau ndiko kinakoboronga zaidi. Kinasema anayepandisha lazima afikishe “mara mbili ya dau lililopo”. Kanuni yenyewe ni hii: ongezeko lako lisipungue ongezeko la aliyekutangulia. Dau kubwa la lazima ni 2. Mtu akapandisha hadi 6, ameongeza 4. Anayefuata akitaka kupandisha anaruhusiwa kuanzia 10. Kwa maelezo ya kijikaratasi angelazimika kufika 12, na hapo ndipo mabishano yanapozaliwa.

Kingine kisichotajwa: mtu akitupa chipu moja kubwa kimya kimya amelipia tu dau lililopo, hajapandisha. Kijani ya 25 ikianguka mbele ya dau la 2 bila neno, anarudishiwa 23. Atamke kwanza, “napandisha hadi 25”, ndipo chipu ziingie. Wala haruhusiwi kusukuma chipu kwa mafungu mawili huku akisoma nyuso za wenzake. Kuzuga ni halali, ila si kwa mtindo huo.

Mtu akiweka zote na zikawa pungufu, chipu ndizo zinazoeleza vizuri kuliko maneno. Mmoja ana 40, wawili wana 100 kila mmoja, na wote wameingiza zote. Toa 40 kwa kila mmoja, panga katikati: 120, fungu kuu, wote watatu wanaligombea. Zilizobaki, 60 na 60, sogeza kando: fungu la pembeni, la wale wawili tu. Mwenye 40 hata akiwa na mkono mkali kuliko wote, hili la pili halimhusu.

Bei ya kulipia pia inaonekana machoni. Mezani pana 100, mpinzani anaweka 50. Unalipa 50 kuifuata 150, kwa hiyo unahitaji kushinda angalau mara moja kati ya nne. Kama una karata nne za aina moja na imebaki moja kufunguliwa, zinazokufaa ni 9 kati ya 46 usizoziona, karibu asilimia 20. Haitoshi, labda kama unaamini mpinzani atakulipa zaidi ukiipata.

Kitufe cha mgawaji ni kizito na kinasomeka vizuri. Kinahama kushoto kila mgao. Wakibaki wawili, mwenye kitufe ndiye anayeweka dau dogo la lazima. Ndiye anayeanza kucheza kabla ya karata za mezani kufunguliwa, kisha anakuwa wa mwisho raundi zote zinazofuata. Meza nyingi za nyumbani hugeuza hili.

Karata ndizo dhaifu. Ni za karatasi iliyopakwa plastiki, upana milimita 63, na kona zikishapinda mwenye jicho ataitambua ree kwa mgongo. Nunua paketi moja ya plastiki tupu mapema. Sanduku nalo, likiwa na kilo karibu tatu na nusu za chipu peke yake, libebe kwa kulishika chini. Vibanio vya mpini ndivyo vinavyong'oka kwanza.